Muulize Mama Kaseti: Walicheka mahali pa kuogopa

Barua za mwezi huu zimeangukia zote upande mmoja: filamu za hela kidogo, zenye viumbe wa anga, damu na vichekesho ndani ya chungu kimoja. Moja fupi, moja ndefu, moja imekuja na fimbo. Naanza na ile fupi kwa sababu kuna bia inayosubiri hukumu.

*Mama Kaseti, tuko wawili hapa kwa kinyozi, Kampemba, Lubumbashi, na tumewekeana kreti ya Simba. Mwenzangu anasema Plan 9 from Outer Space ilitangazwa na wakosoaji kuwa filamu mbaya kuliko zote duniani siku ileile ilipotoka. Mimi nasema sifa hiyo ilikuja baadaye kabisa. Nani anywe? – Wawili wa kinyozini*

Anywe yule wa "baadaye". Ed Wood aliipiga filamu hiyo mwaka 1956, ikaja kutoka rasmi mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950, na ilipotoka karibu hakuna aliyejisumbua nayo. Iliishia kwenye televisheni, saa ambazo watu wazima wamelala. Mwaka 1980 ndugu wawili wa Marekani, Harry na Michael Medved, walitoa kitabu cha kugawa zawadi za dhihaka, na kwa kura za wasomaji wao Plan 9 ikavikwa taji la ubaya. Ed Wood hakulisikia taji hilo. Alikufa Desemba 1978.

Nyongeza, bila malipo. Nyota wake, Bela Lugosi, alifariki Agosti 1956 akiwa amepigwa picha za dakika chache tu. Ed Wood akamweka mahali pake tabibu wa mgongo aliyekuwa akimtibu mkewe, akamwambia ajifunike uso kwa joho kila anapopita mbele ya kamera. Mtu mwenyewe hakufanana na marehemu hata kwa kivuli. Hela zilitoka kwa waumini wa kanisa la Kibatisti, na baadhi ya waigizaji ilibidi wabatizwe ndipo kazi iendelee. Leo watu hucheka mpaka machozi, lakini mwenye filamu hakutunga kichekesho. Alikuwa anatuonya juu ya mwisho wa dunia, kwa moyo wake wote.

Haya, kunyweni. Ila kinyozi asiguse chupa kabla hajamaliza kichwa kilicho kitini.

*Jambo Mama Kaseti. Mimi ni kijana wa Katuba. Mimi na wenzangu wanne tumetengeneza filamu ya dakika 41 kwa simu. Wageni kutoka nyota nyingine wanashuka juu ya terili, ule mlima wa mabaki ya madini wa kampuni ya Gécamines, mchana wanajificha ndani ya ule mchanga mweusi, usiku wanaingia mitaani kutafuta watu wa kula. Gharama yote dola 180, pamoja na bukari ya waigizaji. Tuliionyesha katika ukumbi wa parokia, watu wakajaa. Lakini mkubwa wa wageni alipofungua mdomo, pale tulipotaka watu wapige kelele za woga, ukumbi mzima ulianguka kwa kicheko. Mama mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Ile si karton ya makayabu?" Ndiyo, ile ya samaki wa chumvi. Basi ikawa imekwisha. Kesho yake mtangazaji mmoja akasema redioni kwamba hiyo si filamu, ni michezo ya watoto wenye simu. Rafiki yangu aliyeigiza mkubwa wa wageni anataka tuwaambie watu kwamba tangu mwanzo ilikuwa komedi. Tuseme hivyo? Na hawa wakosoaji wanapima nini hasa? Ni hela? – Aliyechekwa*

Jambo mwanangu. Flashi yako ilinifikia, na filamu nimeitazama mara mbili. Mara ya kwanza umeme uliondoka dakika ya 18, wageni wakiwa bado juu ya terili. Nikakaa gizani nikijiuliza hawa watu watashuka lini. Hilo nitalirudia.

Kwanza ujue kipimo changu, usije ukadhani nimesomea. Nilikaa mlangoni mwa ukumbi wa video, Kamalondo, miaka kumi na moja. Televisheni moja, mashine ya kaseti moja, mabenchi kumi na sita, na jenereta iliyokohoa kama mzee wa tumbaku. Nje, mguuni pa ukuta, aliketi mama mmoja muuza karanga. Hakuwahi kuingia ndani hata siku moja, na mpaka leo sijasoma mkosoaji aliyemshinda. Filamu ikishika, hauzi kitu, kwa maana hakuna anayetoka. Ikilegea, utawaona wanachomoka mmoja mmoja: "Mama, nipe kidogo." Wanasimama pale wanatafuna, wanachungulia kwa upenyo wa pazia kama kuna jambo limetokea, halafu wanaagiza nyingine. Jioni nilikuwa namuuliza neno moja tu: "Leo?" Akinionyesha beseni tupu huku anacheka, kaseti hiyo hairudi tena. Akinuna, najua nimepata mali.

Ni kwa beseni hilo nilivyoijua Bad Taste. Kaka yangu mdogo alikuwa amekaa Kitwe, Zambia, akarudi kwa njia ya Kasumbalesa na kaseti tano za Kiingereza ndani ya mfuko wa unga. Moja ilikuwa hiyo, filamu ya New Zealand ya mwaka 1987. Wageni wa anga waliovaa mashati ya bluu wamekimaliza kijiji kizima na kuwafungasha watu kama nyama, kwa kuwa huko kwao kuna kampuni ya vyakula vya haraka inayotafuta ladha mpya. Wanaume wanne wanatumwa kuwazuia. Kaka alisimama pembeni ya televisheni akitafsiri. Kiingereza chake kilikuwa cha kununulia mahindi tu, kwa hiyo kilichozidi hapo alikitunga mwenyewe. Kwa tafsiri yake, wale wageni walikuwa wanamdai mtu ng'ombe.

Sasa angalia. Derek, mmoja wa wale wanne, anaanguka kutoka juu ya genge refu. Unasema huyu amekwisha. Anaamka, anajipapasa kisogo, anakuta fuvu limelegea kama kifuniko cha sufuria na ubongo unachungulia nje. Anaurudisha ndani kwa vidole, taratibu, kama mtu anayeingiza shati ndani ya suruali. Baadaye anajifunga kichwa kwa mkanda wake wa kiunoni na kuendelea na kazi. Ukumbi ulipiga yowe, na lile yowe likageuka kicheko bila mtu kuvuta pumzi katikati. Mama wa karanga alinuna siku tatu.

Aliyeitengeneza ni Peter Jackson. Alianza mwaka 1983, kijana wa umri wako, akifanya kazi katika gazeti moja la Wellington. Alipiga picha Jumapili hata Jumapili, karibu miaka minne, waigizaji wakiwa marafiki na watu wa kazini kwake. Hela ya mwanzo ilikuwa mshahara wake. Barakoa za wageni zilichomwa ndani ya oveni ya mama yake. Nyama ya familia iliingia saa ngapi, muulizeni huyo mama. Derek ni Jackson mwenyewe, na yule mgeni anayepambana naye pale kwenye genge ni Jackson pia, mmoja ana ndevu, mwingine hana.

Lakini nataka ukiangalie kitu kimoja: kamera yake. Ilikuwa Bolex, ya kutiwa ufunguo kama saa ya mezani. Unaizungusha, inakimbia karibu nusu dakika, inasimama. Hata angetaka kumtazama mgeni wake dakika nzima, spring ingemkatalia. Kwa hiyo filamu yake inarukaruka, na wewe mtazamaji huna nafasi ya kuona gundi. Simu yako, mwanangu, inapiga picha mpaka betri ife. Hapo ndipo imewaponza. Dakika ya 12 mkubwa wa wageni anafungua mdomo, na unatuachia mdomo huo sekunde 22. Nimehesabu kwa saa ya mkononi. Sekunde ya pili niliogopa, kweli. Sekunde ya tano nikaanza kuangalia meno yametengenezwa kwa nini. Sekunde ya tisa nikasoma, ndani ya taya la juu, herufi tatu za karton. Yule mama wa nyuma hakuwa na ubaya wowote. Ulimpa muda wa kusoma, akasoma.

Hivyo ndivyo nakujibu swali la wakosoaji. Bad Taste ilipelekwa tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 1988, sokoni, si kule kwenye zulia jekundu, na wanunuzi wa nchi kadhaa wakaichukua. Wakosoaji waligawanyika. Walioipenda walisifu werevu wa mikono na ule ujasiri wa kwenda mbali mpaka kinyaa chenyewe kinachekesha. Wasioipenda waliona kinyaa kimebaki kinyaa, na hadithi ni nyembamba kama supu ya mwisho wa mwezi. Jimbo la Queensland, Australia, liliipiga marufuku. Hayo yote ni maneno ya watu waliotazama wakakasirika au wakafurahi. Oveni ya mama wa Wellington iliwafurahisha tu. Sijaona aliyeitumia kumhukumia. Miaka mingi kabla, mwaka 1960, Roger Corman aliipiga The Little Shop of Horrors, ile ya ua linalokula watu, kwa siku mbili na ziada kidogo, ndani ya seti iliyobaki ya filamu nyingine, naye vilevile hela haikumharibia: mwaka 1982 ikageuzwa mchezo wa nyimbo jukwaani New York, na 1986 ikapigwa upya kwa fedha nyingi.

Wanachopima ni kama unajua unachomfanyia mtazamaji. Wageni wako wamekaa juu ya terili dakika 18. Terili ni nzuri, naipenda, nimezaliwa nikiiona. Lakini dakika 18! Kamalondo beseni lingekuwa tupu.

Kuhusu rafiki yako na uongo wake. Hapana. Watu wa Katuba walikuona usoni siku ile, wanajua ulivyotoka ukumbini. Tena waongo wa aina hiyo ni wengi, kila filamu iliyochekwa hugeuzwa "nilikusudia". Ila yupo mtu aliyefanya jambo la akili kuliko hilo, na yeye alipatwa na msiba wako kinyumenyume. Dan O'Bannon alikuwa mwanafunzi wa filamu California pamoja na John Carpenter. Walitengeneza Dark Star, komedi ya wanaanga waliochoka na kazi, ikatoka mwaka 1974, imegharimu kama dola 60,000. Kiumbe wao wa anga ni mpira mkubwa wa plastiki wa kujazwa hewa, umepakwa rangi, umetiwa miguu yenye kucha. O'Bannon mwenyewe ndiye anayeufukuza ndani ya chombo, mwisho unamwacha ananing'inia kwenye shimo la lifti. Alisubiri watu wacheke. Watu wakakaa kimya. Wewe ulitaka woga ukapata kicheko. Yeye alitaka kicheko akapata mabenchi makavu.

Hakwenda kuwaambia watu kwamba alikusudia ukimya. Alikwenda nyumbani, akafikiri kwamba kama kiumbe anayezurura ndani ya chombo hawachekeshi, huenda atawatisha. Akaliandika upya wazo lilelile bila mzaha. Ndiyo Alien, ya mwaka 1979. Mpira ule ule, mwanangu, umenyang'anywa hewa na kupewa meno.

Wewe unayo njia hiyo, kwa kurudi upande wa pili. Mna yule bibi kwenye filamu, anayepuliza mbabula, jiko la makaa, uani mkubwa wa wageni anapoingia. Kwa sasa bibi anapiga yowe na kukimbia, kama bibi wote wa filamu. Mrudisheni mbele ya simu. Mgeni afungue mdomo, sekunde mbili, tuogope. Bibi aache kupuliza, ainue taa, amchungulie kooni, aseme: "Ile si karton ya makayabu?" Yule mama wa nyuma amekuandikia mstari bora wa filamu yako na hakukudai franga moja. Halafu mgeni amle. Hapo kicheko ni chako na woga ni wako, na ukisema ni komedi hakuna wa kukubishia, maana umeipiga upya kwa jasho lako.

Tena mlikwisha kukaribia wenyewe bila kujua. Dakika ya 33, yule mgeni mdogo anapoonjeshwa makayabu, chumvi inamchoma ulimi, anaomba maji kwa lugha yake na mtoto wa nyumba anampa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Nilicheka peke yangu mpaka nikamwamsha mume wangu. Hapo hakuna karton, hakuna gundi niliyoiona, na nina hakika ipo.

Yule wa redio sina la kusema sana. Nimesikiliza marudio yake: hakutaja tukio hata moja. Mtu aliyetazama filamu hutaja mlango, kiatu, chochote. Lakini usimchukie mpaka ukapoteza faida, kwa sababu alisema "kelele" na kuhusu kelele alisema kweli. Upepo wa terili umekula maneno ya nusu ya kwanza. Bad Taste ilipigwa bila sauti kabisa, maneno yote yakatiwa baadaye. Tafuteni chumba, simamisheni magodoro ukutani, funikeni dirisha blanketi, mrudie maneno yote mkiangalia picha. Itawachukua Jumapili tatu, labda nne. Fanyeni kabla ya mvua kuanza kupiga mabati.

*Kwa Mama Kaseti. Mimi ni mwalimu mstaafu, Ruashi. Mwezi uliopita ulijaza kurasa mbili ukisifu hiyo Bad Taste, ambamo viumbe wanapokezana bakuli la matapishi na kunywa. Sisi tulilelewa na michezo ya Mufwankolo kwenye televisheni, kicheko chenye adabu, kwa Kiswahili chetu. Nauliza: ni nani aliyetoa hela ya uchafu ule? Na wewe, mwanamke mzima, ulipouona, hukutapika? – Mwalimu*

Papa Mwalimu, fimbo nimeipokea kwa mikono miwili.

Hela: baada ya mshahara wa kijana kuisha, ilitoka serikalini. New Zealand wana tume ya filamu. Mara ya kwanza ilimkatalia. Baadaye mkuu wake, Jim Booth, akaona vipande vilivyokwisha kupigwa, akaanza kumtilia kidogo kidogo mpaka ikapita dola 200,000 za kwao. Hela ya walipa kodi, kwa bakuli lile. Kwa hiyo swali lako, papa, lina haki kamili. Ningeweza kukujibu kwamba kijana huyo ndiye aliyekuja kupiga The Lord of the Rings, na kwamba mwaka 2004 sehemu ya tatu ilichukua Oscar 11. Sitaki. Hiyo ni hoja ya mzazi anayesema mwanawe asamehewe kuku wa jirani kwa sababu siku moja atakuwa gavana. Bakuli lisimame lenyewe. Mimi naona linasimama, kwa sababu ya sura ya yule mtu wetu aliyejificha kati ya wageni: bakuli linakuja kwake, hawezi kukataa bila kujulikana, na sisi sote tumewahi kuketi mezani kwa watu na kupewa kitu hatukitaki, tukakinywa kwa tabasamu. Yeye anakunywa. Halafu, na hapa ndipo nilipoanguka benchini, anakuta si kibaya.

Mufwankolo, hapo tuko pamoja. Tulikuwa tunahama nyumba zisizo na televisheni kwenda nyumba zenye nayo. Ila adabu hiyo unayoitaja, papa, naikumbuka kwa namna nyingine. Nakumbuka baba yangu akicheka akiwa amefunika mdomo na kuangalia dirishani kwanza, kama mtu wa ofisi hapiti.

Kuhusu kutapika: hapana, sikutapika. Aliyetapika ni kaka yangu, mtafsiri, bakuli lilipofika kwa mtu wa tatu, katikati ya sentensi. Watu wakadhani ni sehemu ya tafsiri. Walisimama wakampigia makofi.